Mgeni Kisumu: teksi ya mtandaoni, teksi ya stendi, tuktuk au boda?

Kila Agosti na Desemba nyumba yetu hapa Kisumu hujaa wageni. Wengine hutoka Mombasa, wengine Nairobi, na mwaka mmoja tulimpokea rafiki wa mume wangu na mkewe kutoka Mwanza, watu waliozoea ziwa hilihili wakiliangalia kutoka upande wa pili. Wote huniuliza jambo moja kabla hawajafunga begi: nikifika, nipande nini?

Zamani nilikuwa na jibu moja tu. Nilisema, ita teksi kwa simu, utakuwa salama. Nililiacha jibu hilo baada ya wifi yangu kutua uwanja wa ndege saa mbili usiku akiwa na mtoto mgongoni. Aliita teksi kwa simu kama nilivyomwelekeza, gari likaja. Kabla hajafunga mlango dereva akamwambia, "Madam, kansel tu hiyo safari, nikupeleke kwa bei hiyohiyo unilipe kash. Kampuni inatukata sana." Wifi yangu ana huruma. Akaifuta. Akafika kwetu salama, akalipa noti, akamtoa mtoto aliyelala, na simu yake ya pili ikabaki kwenye kiti cha nyuma. Tulipoipiga ilikuwa imeshazimwa. Tulipoiandikia kampuni, walichokuwa nacho ni safari iliyofutwa na abiria kabla haijaanza, na dereva aliyesema kwamba mteja alifuta na yeye akaenda zake. Namba ya gari hatukuwa tumeiandika popote.

Miezi michache baadaye mama mkwe wangu alisahau mkoba wa dawa za presha kwenye tuktuk aliyoipanda mbele ya lango la hoteli, alikokuwa amehudhuria harusi. Mlinzi wa lango alimjua dereva kwa jina la utani na kwa kitambaa cha kijani alichofunga kwenye kioo. Akampigia. Mkoba ulirudi kabla ya saa ya kumeza dawa.

Tangu hapo kila usafiri naupima kwa swali hili: ukishapanda, ni nani mwingine, ukimwacha dereva, anayejua kwamba uko ndani yake? Bei nitaitaja, starehe pia, lakini hilo ndilo ninaloliweka mbele.

Teksi ya mtandaoni

Jina utakalolisikia zaidi mjini ni Bolt. Ukiitumia ilivyokusudiwa, teksi ya mtandaoni inakupa kumbukumbu ambayo hakuna usafiri mwingine unaokupa bila wewe kuhangaika: jina la dereva, picha yake, namba ya gari, njia mliyopita, saa mliyoanza na saa mliyofika. Kisha unaweza kumtumia ndugu kiungo cha safari kwa WhatsApp akawa anakuona kwenye ramani hadi ushuke. Kwa mtu anayefika peke yake usiku kwenye mji asioujua, sijui kitu kinachozidi hicho.

Ila faida hiyo yote inategemea safari ibaki hewani. Ukikubali kuifuta mlipe pembeni, umepanda gari la mtu usiyemjua, na rekodi inasema hukupanda. Madereva wana malalamiko yao ya haki. Mafuta yamepanda na makato yanauma. Kanuni za mwaka 2022 zimeweka kikomo cha asilimia 18 kwa kile ambacho kampuni inaweza kumkata dereva kwa kila safari, na bado wengi wanasema hazibaki za kutosha. Ukimwonea huruma, mwongeze kitu mwishoni, mkononi mwake, safari ikiwa imeshafungwa. Usimsaidie kwa kujifuta wewe. Na akikupigia kabla hajafika akuulize, "Unaenda wapi? Ni kash ama M-Pesa?" kisha asipende jibu lako, mwache afute yeye.

Gari likifika, soma namba yote. Namba zetu zina herufi tatu, tarakimu tatu, halafu herufi moja, na hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka; magari mawili meupe ya aina moja yanaweza kufanana hadi hapo. Mtazame dereva usoni, umlinganishe na picha, kwa sababu akaunti huazimwa na hata kukodishwa. Akikwambia, "Ile gari iko gereji, nimekuja na ya ndugu yangu," shukuru, usipande. Huenda anasema kweli kabisa. Lakini ndugu yako aliyeko Mombasa anafuatilia gari lililoko gereji. Jambo jingine dogo: usimwambie jina lako, muulize, "Umekuja kumchukua nani?" Alitaje yeye.

Kaa nyuma, na kabla hamjaondoka jaribu kuufungua mlango wako kutoka ndani. Kuna kiwashio kidogo pembeni mwa mlango wa nyuma kinachowekwa kwa ajili ya watoto; kikiwashwa, mlango haufunguki ila kwa nje. Mara nyingi kimesahaulika tangu dereva alipowabeba watoto wake. Mwombe akiondoe.

Udhaifu wake mwingine ni kwamba Kisumu si Nairobi. Magari ni machache. Mvua zetu hupenda kuja alasiri, kwa ngurumo, na zikianguka utakaa ukitazama kile kiduara kwenye simu kikizunguka bila kupata mtu, au upate kwa bei iliyopanda. Ukitoka nje ya mji ndiyo kabisa. Simu yako nayo lazima iwe na chaji na bando; wageni wengi hukwama kwa sababu hiyo tu, ndege imetua na simu iko asilimia tatu.

Hata usipoitumia kusafiri, fungua programu uone bei ya pale unapokwenda kabla ya kuanza kupatana na mtu mwingine yeyote. Utakuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo, na dereva wa stendi akikutajia mara tatu ya hiyo utajua.

Teksi ya stendi

Hizi ni zile teksi ndogo zenye mstari wa manjano ubavuni, zinazoegeshwa pamoja mbele ya hoteli, madukani na uwanja wa ndege. Ni ghali kuliko nyingine, na mgeni huzikwepa kwa sababu bei inapatanwa kwa mdomo. Mimi nazipenda kwa kazi mbili: safari ya usiku wa manane na safari ya siku nzima.

Usalama wake uko kwenye stendi yenyewe. Madereva wanajuana, wana foleni yao, wana mwenyekiti wao, na mlinzi wa hoteli anawaona kila siku. Ukitoka hapo na dereva fulani, wenzake sita wamekuona. Kwa hiyo mchukue aliye kwenye foleni. Yule anayekudaka mlangoni, akanyakua begi lako na kuanza kutangulia kuelekea gari lililoegeshwa mbali, huyo si wa stendi hiyo, hata aongee vizuri vipi. Begi lako lishike mwenyewe.

Patana kabla mlango haujafungwa, na patana kwa ukamilifu: bei ni ya gari au ya mtu? Mizigo imo? Kusubiri je? Kisha piga picha ya namba ya gari mbele ya dereva, waziwazi, useme, "Namtumia dada yangu ajue nakuja na nani." Dereva mwema hajawahi kukasirika kwa hilo. Wengi hujibu, "Sawa kabisa, na mwambie jina langu."

Tuktuk

Msomaji wa Dar atasema bajaji. Hapa ni tuktuk, na huwezi kusema umeijua Kisumu kama hujabebwa nayo. Zimejaa Oginga Odinga Street hadi Kondele, zinaingia mitaa ambayo teksi hazitaki kuingia, na kwa safari fupi za mchana hazina mshindani. Namba zake huanza na KTW. Za pikipiki huanza na KM. Kujua hivyo kunakusaidia hata unapomsomea mtu namba kwa simu.

Elewa kwamba kuna namna mbili za kuipanda na bei zake hazifanani. Ya kwanza ni kama matatu: inafuata njia yake, inajaza watu, kila mmoja analipa kiti chake na kushuka anapotaka. Ya pili ni kuikodi peke yako hadi mlangoni. Ugomvi mwingi kati ya wageni na madereva wa tuktuk unatokana na kutotaja ni ipi. Mgeni anasikia nauli ya kiti, anafikishwa hadi langoni, anadaiwa ya kukodi, anaona ameibiwa. Uliza mwanzo, "Hii ni ya kujaza ama ni yangu peke yangu?" Ukitaka kujua bei ya haki, usimuulize dereva kwanza. Muulize mama anayekuuzia maji, au askari wa geti. Watakutajia wanayolipa wao.

Beba noti ndogo. Za 50, za 100, za 200. Ukitoa ya 1,000 kwa safari ya mtaa mmoja, utasimama juani huku dereva akitafuta chenji duka kwa duka, na pochi yako iko wazi mbele ya watu wote.

Hatari ya tuktuk ni ubavu wake. Haina mlango, wakati mwingine kuna kitambaa tu. Simu ikiwa mkononi, kwenye foleni ya magari, mtu wa pikipiki anaweza kuipokonya akapotea kabla hujapiga kelele. Kaa katikati ikiwezekana, begi liwe chini kati ya miguu yako na kamba uikanyage au uizungushe mguuni. Ukitaka kusoma ramani, soma kabla ya kupanda. Kukaa pembeni ya dereva pale mbele, nusu ya mwili ikiwa nje, kataa. Wenyeji hukaa hapo kila siku, najua. Wewe kataa, subiri inayofuata.

Kuhusu swali langu la nani anajua uko wapi, tuktuk ya kujaza mchana inafaulu vizuri: mko watu watatu au wanne, barabara kuu, kila mtu anaona. Tuktuk ya kukodi usiku, iliyosimamishwa njiani, inashindwa vibaya. Hakuna anayejua lolote. Lakini tuktuk iliyoitwa na mlinzi wa mahali unapolala ni nyingine kabisa, kwa sababu imepata shahidi. Hiyo naipanda hata saa tatu usiku.

Boda

Hili neno ni la huku kwetu magharibi. Lilizaliwa mpakani Busia, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, zikiita abiria kwa neno la mpaka mara mbili. Sasa ni pikipiki, na ziko kila kona.

Nitasema wazi: kwa mgeni mwenye mizigo, au usiku, au mvua ikinyesha, boda iwe ya mwisho kabisa kwenye orodha. Teksi na tuktuk zikigongwa kuna bati kati yako na lami. Kama lazima upande, sheria inakupa mambo mawili ya kudai bila aibu: helmeti na koti la kung'aa, na abiria mmoja tu. Wawili nyuma ya dereva, mshikaki tunavyouita, ni kosa. Helmeti ikiwa haina kamba ya kidevuni ni kofia tu. Itafute yenye kamba. Kaa karibu na dereva unapozungumza bei, ili uinuse pumzi yake. Begi la mgongoni lilete kifuani. Na unaposhuka, shuka upande wa kushoto, kwa sababu bomba la moshi kwa pikipiki nyingi za hapa liko kulia, na limechemka. Nina kovu la ukubwa wa sarafu kwenye shavu la mguu, nililolipata nikikimbilia mvua mbele ya soko la Kibuye, na dada zangu wawili wanalo vilevile mahali palepale.

Boda wa stegi, yaani kituo chao, karibu na unapolala ni bora kuliko wa kupita. Mlipe kwa M-Pesa, hata kama ni pesa kidogo. Kabla pesa haijatoka utaona jina la anayepokea. Likiwa halihusiani kabisa na mtu aliye mbele yako, muulize. Na ujumbe unaobaki kwenye simu unaonyesha jina, kiasi na saa. Kwa tuktuk na teksi ya stendi fanya vivyo hivyo. Mgeni kutoka nje ya nchi anaweza kusajili laini kwa pasipoti yake siku ya kwanza, na gharama hiyo inajirudisha haraka.

Basi unapanda nini, lini?

Uwanja wa ndege uko barabara ya kuelekea Busia, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Mchana, yoyote kati ya teksi mbili. Usiku, teksi ya mtandaoni ikiwa simu yako ina chaji na safari haifutwi, au dereva aliyetumwa na mahali unapolala. Ukitumiwa mtu, omba jina lake na namba ya gari kabla hujapanda ndege, zikufikie kwa mkono wa mwenye hoteli. Mtu aliyeshika karatasi yenye jina lako hatoshi. Jina lako linaweza kusomwa kwenye begi.

Kuzunguka mjini mchana, jumba la makumbusho, Kibuye siku ya Jumapili, chakula cha samaki, hifadhi ya impala: tuktuk, bila kufikiri sana.

Dunga, ufuo wa wavuvi pale ziwani, nitaieleza kidogo, kwa sababu ndiko wageni wangu wengi wamekwama. Kila mtu anataka kuona jua likizama ziwani, na kweli linapendeza, mitumbwi inarudi na mafunjo yanageuka meusi. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na giza halichelewi. Watu walikuja mchana kwa tuktuk rahisi, wakala samaki, wakapiga picha, na ghafla ni saa moja na nusu, tuktuk zimerudi mjini, na teksi za mtandaoni hazionekani karibu. Hapo ndipo mtu hupanda chochote kinachopita. Patana na aliyekuleta akurudie saa moja kamili, chukua namba yake, na umlipe ya kwenda tu. Ya kurudi abaki akiidai. Mpigie saa kumi na mbili na robo umkumbushe. Asiposhika simu, bado una nusu saa ya mwanga ya kumwomba mwenye mkahawa akuitie mwingine anayemfahamu.

Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana kwenye njia ya Bondo, ni mwendo wa karibu kilomita 30. Teksi ya mtandaoni itakupeleka, kisha itaondoka, nawe utabaki na mawe. Kodi teksi ya stendi kwa nusu siku, bei moja yenye kwenda, kusubiri na kurudi. Dereva akiomba pesa ya mafuta mwanzo, mpe kiasi, usimpe yote. Familia yenye watoto watatu ikigawana gharama hiyo itaona si kubwa kama ilivyosikika.

Na basi la usiku kutoka Nairobi. Linaweza kukushusha saa kumi au saa kumi na moja alfajiri, macho mazito, miguu imevimba, huku vijana wanne wakivuta begi moja na kila mmoja akidai ndiye teksi. Usiamue lolote saa hiyo. Rudi ndani ya ofisi ya basi ukae na abiria wenzako, mtumie mwenyeji wako ujumbe kwamba umefika na uko ofisini. Punde mama wa chai atafika na birika lake na mandazi ya moto. Kunywa. Huku saa kumi na mbili na nusu kunakuwa kumepambazuka, na ukitazama nje utaona tuktuk zinazokuja kazini moja moja, madereva wakifuta viti kwa matambara, na utaweza kuisoma namba ya unayoipanda bila hata kuwasha tochi.